Kwa nini maroboti ni machache hivi katika Gunparade March?

Swali: Shikamoo kaka. Nimemaliza kutazama Gunparade March, episodi zote 12. Nilitarajia vita vya maroboti, nikakuta darasa: nani anampenda nani, nani kamnunia nani, nani kaleta chakula gani. Vita vipo, ila ni vifupi na vinakwisha upesi. Rafiki yangu anasema imetokana na gemu, na kwamba gemu lenyewe lilikuwa zuri mno, anime ndiyo iliyoharibu. Ni kweli? Na je, ni halali kweli kutengeneza hadithi ya mapenzi juu ya watoto wanaopelekwa vitani? Mwisho, nitazame nini baada ya hii?

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako kapatia kimoja, kakosea kingine. Gemu lilikuwa zuri mno, hilo halina ubishi. Lakini anime haikuliharibu. Ukijua gemu lile lilichezwaje, utaona kwamba episodi zile 12 zilichukua kitu kilekile kilicholipa sifa, na kitu hicho hakikuwa roboti. Kilikuwa hilo darasa lililokushangaza.

Nianze na gemu, kwa sababu jibu lote limelala humo.

Gunparade March ilitoka Japani mwezi wa Septemba 2000 kwa ajili ya PlayStation ya kwanza, wakati ambapo PlayStation 2 ilikuwa tayari madukani tangu Machi mwaka huohuo. Lilikuja kwenye mashine ambayo watu walishaanza kuipa mgongo, na matangazo yake yalikuwa haba. Waliolitengeneza ni Alfa System, kampuni yenye makao yake Kumamoto, kwenye kisiwa cha Kyushu, na mbunifu wake mkuu alikuwa Shibamura Yuri. (Ndiyo, jina la ukoo la Shibamura Mai, yule msichana uliyemwona kwenye anime, ni la huyo mbunifu.) Lilienea kwa mdomo: mtu alicheza, akamsimulia mwenzake kilichomtokea, mwenzake akaenda kununua, na kilichomtokea yeye kikawa kingine kabisa. Mwaka 2001 lilipata tuzo ya Seiun, ile ambayo wapenzi wa hadithi za kisayansi nchini Japani huipigia kura kila mwaka, na ambayo kwa kawaida ukisikia imetolewa kwa kitu kisicho kitabu unafikiria filamu au anime.

Sasa sikiliza kilichokuwamo. Katika ulimwengu wa hadithi hii, Vita Kuu ya Pili havikwisha kama tunavyojua. Mwaka 1945 mwezi mweusi ulitokea angani, na nyuma yake wakaja genju, viumbe wasiojulikana walikotoka wala wanachotaka, ila wanawinda binadamu tu. Ukimuua genju anatoweka, hata mzoga hauachi. Miaka hamsini na kitu baadaye sehemu kubwa ya dunia imeshapotea, na genju wametua Kyushu. Jeshi la watu wazima limeteketea. Ndipo serikali inapopitisha sheria ya kuwaita kwa lazima watoto wa miaka 14 hadi 17, idadi yao 100,000, wapelekwe Kumamoto kuuzuia mstari wakati watu wazima wapya wakiandaliwa kwingineko. Na gemu linakuambia mwanzoni kabisa, bila kupepesa macho, kwamba waliopitisha sheria ile walitarajia wengi wa watoto hao wawe wamekufa kabla mwaka 1999 haujaisha.

Ukisoma utangulizi huo unategemea gemu la kupiga risasi mwanzo hadi mwisho. Badala yake unajikuta wewe ni Hayami Atsushi, kijana mpole aliyefika juzi kwenye kikosi namba 5121, na kikosi chenyewe kinasomea kwenye kibanda cha muda ndani ya uwanja wa shule ya wasichana. Asubuhi kuna vipindi. Mchana kuna chakula. Jioni kuna kazi kwenye banda la mitambo. Saa inakwenda hata ukisimama tu. Na ving'ora vya vita vinalia wakati wowote, hata kama ndiyo kwanza unafungua chakula chako.

Humo darasani kuna wenzako zaidi ya ishirini, na hapa ndipo gemu lilipowashangaza watu. Kila mmoja ana akili yake. Hawasimami kukusubiri uje uwasemeshe kama ilivyozoeleka kwenye magemu ya wakati ule. Wanaamka, wanaamua waende wapi, wanafanya mazoezi, wanatoroka vipindi, wanapendana wao kwa wao, wanakosana wao kwa wao, iwe upo au haupo. Ukimkaribia mmoja, unaletewa orodha ya mambo unayoweza kumpendekezea: tule pamoja, tufanye kazi pamoja, turudi nyumbani pamoja. Naye pia anaweza kukupendekezea wewe, na ukimkatalia anakumbuka. Hata hali ya hewa ya chumba ilihesabiwa. Watu wawili wakigombana ndani ya darasa, chumba kizima kinapoa, na ombi ambalo lingekubaliwa dakika tano kabla sasa linakataliwa.

Kuna jambo moja ambalo kila aliyelicheza gemu hili hukusimulia. Hara Motoko ndiye mkuu wa mafundi, mwanamke mwerevu, mrembo, mwenye moyo uliowahi kuvunjwa; kabla hadithi haijaanza alikuwa na uhusiano na Zengyo, kamanda wa kikosi. Mchezaji akimfanya Hara ampende, halafu akaenda kumchezea moyo wake na msichana mwingine, anaweza kuishia kuchomwa kisu. Gemu limekwisha. Hakuuawa na genju. Kauawa na mtu aliyemdharau, kwenye kikosi chake mwenyewe, kwenye gemu la maroboti.

Na roboti zenyewe? Zinaitwa Shikon-go, vifaru vinavyotembea kwa miguu miwili, urefu wake kama mita tisa, vyenye misuli ya bandia. Kwenye hadithi jeshi halivipendi kwa sababu miguu inachoka upesi na vinataka matengenezo yasiyokwisha. Kwa hiyo ushindi wako vitani unategemea sana kama fundi alikaa kwenye banda usiku uliopita. Na kama fundi alikaa au hakukaa, inategemea hali yake ya moyo. Na hali yake ya moyo inategemea ulivyomtendea saa sita mchana. Mapigano yanachezwa kwa kupanga amri mfululizo kabla hazijatekelezwa, songa, geuka, ruka, piga, halafu unaangalia kama ulikadiria vizuri. Yanaonekana ya kizamani hata kwa mwaka 2000. Lakini mkono unatetemeka, maana ndani ya kile chombo kingine yumo Takigawa, yule kijana mchangamfu anayeogopa sana mahali pafinyu, na jana tu mlikula pamoja. Akifa, amekufa. Kesho darasa linaendelea bila yeye.

Umeona sasa? Kwenye gemu hili kula na mtu ni silaha kama bunduki ilivyo silaha. Mtu anayesema anime ilipoteza muda kwenye mambo ya darasani anasahau kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa na kidhibiti mkononi, alitumia sehemu kubwa kabisa ya saa zake humohumo darasani.

Tatizo lililowakabili watengenezaji wa anime lilikuwa gumu kuliko watu wanavyodhani. Kampuni ya J.C.Staff ilipewa kazi hiyo, mwongozaji akiwa Sakurabi Katsushi, na ikaonyeshwa mwaka 2003. Wengi tunadhani kuhamisha gemu kwenda kwenye anime ni kuchukua hadithi yake na kuichora upya. Lakini gemu hili halina hadithi moja. Lina ulimwengu, lina watu, lina kalenda ya miezi michache kuanzia Machi hadi Mei 1999, na basi. Kilichobaki kila mchezaji alijitengenezea. Kwenye duru yako Takigawa alikufa wiki ya tatu. Kwenye duru ya mwenzako Takigawa akawa shujaa. Kwenye duru ya mtu wa tatu mchezaji hakuendesha roboti hata siku moja, aliomba ahamishiwe kwenye ufundi akamaliza vita vyote akiwa na spana mkononi. Utachora ipi?

Halafu hesabu ya muda. Episodi 12 za dakika 24 hivi, ukiondoa wimbo wa kufungua na wa kufunga, hazifiki saa tano. Ndani ya saa hizo ungeweza kujaribu kuwatendea haki wanafunzi zaidi ya ishirini, na kila mmoja angepata dakika kumi na kidogo, asibaki kichwani mwa mtu yeyote. Au ungeweza kufanya vita kila episodi, ukatoka na kitu kinachofanana na mamia ya vitu vingine, tena chenye bajeti ndogo ya kuchora hayo mapigano.

Walichochagua ni uzi mmoja kati ya nyuzi nyingi: Hayami na Mai. Nadhani walichagua vizuri, na sababu yangu imo ndani ya chombo chenyewe. Kikosi kina vifaru vitatu vya namna hii. Kimoja anaendesha Mibuya, msichana wa mapanga. Cha pili Takigawa. Cha tatu kina viti viwili. Mtu wa mbele anaendesha, wa nyuma analenga na kurusha makombora. Hawaonani nyuso. Mmoja akisita, wote wawili wanakufa. Ukitaka kuonyesha ni kwa nini urafiki wa watu wawili ni suala la uhai kwenye kikosi hiki, huhitaji kutunga kitu, kiti kipo tayari.

Mai kakulia kwenye ukoo wenye nguvu na hofu, ukoo unaochukiwa hata na watu unaowalinda. Anajua mitambo, anajua mbinu za vita, anazungumza kama jenerali wa zamani. Kitu asichokijua ni jinsi ya kukaa na kijana wa rika lake akamwambia jambo la kawaida. Hayami ni kinyume chake: anawajali wote, anapika, anatabasamu, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayejua hasa anataka nini. Wakiwa ndani ya chombo wanaelewana kwa nusu neno. Wakitoka nje wanashindwa hata kupanga siku ya kwenda matembezi. Wewe uliona hapo vichekesho vya mapenzi vimeingizwa katikati ya vita. Mimi naona ndilo swali zima la gemu lile likiulizwa kwa sura mbili tu badala ya ishirini na kitu: je, watu hawa watafahamiana kabla king'ora hakijalia?

Sikuambii kwamba hakuna kilichopotea. Kimepotea kingi, na kinachouma zaidi ni ile hofu ya kumpoteza mtu. Kwenye gemu kila mwenzako angeweza kufa siku yoyote na hakuna mwandishi aliyemwekea ulinzi. Kwenye anime mtazamaji mzoefu anabaini mapema nani yuko salama. Wanafunzi wengi wa pembeni wamebaki majina na tabia moja moja: huyu mcheshi, huyu mkali, yule mtoto mdogo wa kumhurumia. Kurusu Ginga, yule mwenye maneno machache, alistahili episodi zaidi. Setoguchi, yule anayejifanya hajali kitu, gemuni ana kina ambacho anime inagusa tu na kupita. Na vita, nakubaliana nawe, vimechorwa kwa haraka. Unaona milipuko bila kuelewa ardhi imekaaje na nani yuko upande gani. Hilo ni pungufu la kweli na sitalitetea.

Lakini pungufu hilo si uharibifu. Tazama kilichotokea kwa Xenosaga. Gemu la kwanza la mfululizo huo lilitoka mwaka 2002 kwa PlayStation 2, refu, lenye hadithi moja iliyofungwa vizuri na maonyesho marefu ya video ndani yake, kiasi kwamba ungesema halihitaji hata kubadilishwa kuwa anime. Mwaka 2005 Toei Animation wakalifanya kuwa episodi 12. Walijaribu kuipitisha hadithi yote kwenye tundu hilo dogo, na matokeo ni kwamba mtu ambaye hajacheza gemu anabaki anauliza huyu nani, yule kafikaje, kwa nini wanalia. Matukio yamebaki, lakini ule muda mrefu wa kukaa na wahusika wake wakuu, Shion na KOS-MOS, mpaka ukawajali haupo. Gunparade March ilifanya kinyume: iliacha matukio, ikabaki na kukaa pamoja. Ukinipa nichague, nachagua ya pili kila siku.

Sasa swali lako gumu, lile la uhalali wa mapenzi juu ya watoto vitani. Nimefurahi umeliuliza, kwa sababu watu wengi hutazama anime nzima ya watoto wenye silaha bila hata kusimama hapo.

Japani hadithi hii haikutoka hewani. Mwezi wa Machi 1945, Wamarekani walipokuwa wanakaribia Okinawa, wanafunzi 222 wa kike na walimu wao 18 walichukuliwa kwenda kuwa wauguzi wa jeshi ndani ya mapango. Ndio wanaokumbukwa kwa jina la Himeyuri. Wavulana wa shule, wengine wa miaka 14, waliingizwa kwenye vikosi vya kubeba ujumbe na hata kwenda kulipua vifaru. Zaidi ya nusu ya wale wa Himeyuri walikufa, wengi wao katika siku chache za Juni baada ya kuambiwa kwamba kikosi kimevunjwa, kila mtu ajitafutie njia. Mtazamaji wa Kijapani anapoona tangazo la miaka 14 hadi 17 kwenye Gunparade March, haoni namba iliyobuniwa tu. Na kuchagua Kyushu, kisiwa kikubwa kilichopangwa kuvamiwa baada ya Okinawa laiti vita visingekwisha Agosti, kunaizidishia hadithi uzito.

Nasi hatuko mbali na jambo hili. Wasomaji wa Goma, Bukavu na Uvira hawahitaji kuelezwa na mtu. Mwaka 1996 na 1997, jeshi la Laurent-Désiré Kabila lilipotembea kutoka mashariki hadi kuingia Kinshasa mwezi wa Mei, lilikuwa limejaa makadogo, watoto wengine bunduki ikiwazidi urefu. Kina dada na kaka wanaosoma hapa walisoma nao darasa moja kabla hawajaondoka. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ni hadithi tu, tuiache ipite.

Jibu langu ni hili. Hadithi inayowaonyesha watoto vitani wakiwa mashujaa wasio na njaa, wasio na aibu, wasio na usingizi, hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu inamfanya mtoto aonekane amezaliwa kwa ajili ya bunduki. Gunparade March inawaonyesha wakigombania mkate, wakiogopa mtihani, wakiandikiana barua wasizothubutu kuzitoa. Inasisitiza kila dakika kwamba hapa si mahali pao. Ndiyo maana inanikera mtu akisema vipande vya darasani vikatwe ili tubaki na vita. Ukivikata, umebakiwa na kile hasa ambacho waliopitisha ile sheria walikitaka: watoto 100,000 ambao ni namba tu. Hayami akimwandalia Mai chakula ni sehemu ya pekee ya siku ambayo serikali haikuipanga.

Hata hivyo anime ingeweza kuwa kali zaidi hapa. Gemu linamweka mtu mzima aliyetia sahihi mbele ya macho yako tangu mwanzo. Anime inamsukuma nyuma, tunabaki na vijana na genju, kana kwamba vita vimeanguka kutoka mbinguni. Ningetamani episodi moja tu iwaketishe wakubwa hao mezani tuwaone.

Kuhusu kulicheza gemu lenyewe, nakuambia mapema usije ukakatishwa tamaa. Halikuwahi kutolewa rasmi kwa lugha nyingine zaidi ya Kijapani. Na ni gemu la maneno, maombi na majibu kila dakika, kwa hiyo kulicheza bila kusoma Kijapani ni kukaa kwenye darasa usiloelewa linachosema. Kama unajifunza lugha hiyo, liweke kwenye orodha ya mambo ya kujipa zawadi siku za mbele. Kama hujifunzi, anime ndiyo mlango wako, na si mlango mbaya.

Nikushauri jambo kabla hujaenda kwenye nyingine. Rudia episodi mbili za mwanzo, lakini safari hii usisubiri vita. Angalia nani anakaa karibu na nani darasani, nani anaingia banda la mitambo na nani anatoka, na Hara anamtazamaje Zengyo wakati wengine wanazungumza mambo ya kazi. Mengi ya baadaye yamepandwa hapo, na mara ya kwanza yalikupita kwa sababu ulikuwa unangoja roboti lisimame.

Sasa, cha kutazama baadaye. Umesema uliwapenda wale watoto ila maroboti hayakutosha. Cha kwanza ninachokupa hakina watoto mbele: Zone of the Enders: Dolores, i, ya Sunrise, studio ileile ya Gundam, anime maarufu ya maroboti, episodi 26 za mwaka 2001. Nayo imezaliwa na gemu, la Konami, lililotoka mwaka huohuo kwa PlayStation 2 chini ya uzalishaji wa Kojima Hideo. Waandishi wake walifanya uamuzi ambao bado naustaajabia. Gemu lilikuwa na shujaa kijana, Leo Stenbuck, na kila mtu angetegemea anime imfuate. Wao wakamwacha, wakaenda pembeni ya ulimwengu uleule, wakamchukua James Links, baba wa miaka 49, dereva wa chombo cha mizigo angani, mnywaji, ambaye watoto wake wawili wakubwa hawataki hata kuongea naye. Siku moja anakuta kwenye shehena yake roboti la kivita lenye sauti na tabia ya binti mdogo mwenye haya, Dolores, anayemwita mjomba. Marubani wa maroboti tuliowazoea ni watoto: Shinji wa Evangelion ana miaka 14, Amuro wa Gundam ya kwanza ana 15. Hapa tunapewa mzee mwenye mgongo unaouma na familia ya kuirudisha. Vita ni vingi kuliko Gunparade March na vinaeleweka, ila kinachokusukuma kwenda episodi inayofuata ni kutaka kujua kama binti yake atapokea simu yake.

Kuna filamu fupi inayotangulia, Z.O.E 2167 IDOLO, nayo ya 2001. Itazame kwanza. Inahusu Radium, rubani wa Mars, na roboti la kwanza la aina hiyo, na bila hiyo mtu unayekutana naye baadaye upande wa maadui ataonekana mwendawazimu tu, wakati ni mtu aliyepoteza kila kitu.

Cha pili, Sakura Wars ya televisheni, Madhouse, mwaka 2000, episodi 25, kutoka kwenye gemu la Sega la 1996. Tokyo ya miaka ya 1920, wasichana wanaoigiza jukwaani Ginza usiku na kupigana kwa maroboti ya mvuke ving'ora vikilia. Gemu lake lilikuwa la mazungumzo na mahusiano kama hili, ila lilikuwa na hadithi iliyonyooka, kwa hiyo kazi ya kulihamisha ilikuwa nyepesi. Mwanzo wake unakwenda taratibu. Mpe Sakura episodi tano kabla hujaamua.

Kuna pia Gunparade Orchestra ya 2005, ulimwengu uleule na wanajeshi wengine. Mimi naiweka mwisho. Ina episodi 24, mara mbili ya uliyotazama, lakini inagawanyika kwenye vikosi tofauti, na kila unapoanza kuwazoea watu unahamishwa. Kama unamtafuta Hayami au Mai, hutawapata kama ulivyowaacha. Anza na James Links.